Je, Mwenye Imani Haogopi?

Wahenga wetu walituachia methali isemayo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii si ya kudharauliwa. Aliyeitunga alikuwa ameona mengi. Alikuwa ameona jinsi kijana aliyejitokeza mbele anavyorudishwa kwao akiwa amebebwa, na jinsi yule aliyejificha nyuma ya nyumba anavyoketi jioni pamoja na watoto wake, akila na kucheka. Hata leo, taabu inapobisha hodi, wazazi wengi humnong'oneza mtoto wao maneno ya namna hiyo: "Nyamaza, mwanangu. Usijitie mbele. Fanya kama wafanyavyo wenzako, urudi salama."

Ni nani atakayemlaumu mama anayesema hivyo? Yeye ndiye aliyemzaa, naye ndiye atakayelia. Lakini mama huyohuyo alimpeleka mtoto wake kwa Padre akabatizwa, akamfundisha Ishara ya Msalaba, na alipokua akamsimamisha mbele ya Askofu apakwe Krisma Takatifu. Basi huyu mtoto asikilize lipi? Asikilize methali, au asikilize Msalaba? Hilo ndilo swali tutakalo kulitafakari leo pamoja na wasomaji wetu, kwa maana halihusu mashujaa wa vitabuni tu. Lahusu kila nyumba.

Hakuna kizazi kisichopata nyakati zake za taabu, na kila taabu huja na hofu yake. Iko hofu ya vita, ambayo ndugu zetu wa Kivu wameishi nayo kwa miaka mingi. Iko hofu ya njaa, mvua isiponyesha. Iko hofu ya kijana aliyemaliza masomo asione kazi, na hofu ya mtumishi ambaye mkubwa wake amtaka atie sahihi hesabu za uongo. Iko hofu ya uchawi, iwatoayo Wakristu nyumbani usiku wa manane kwenda kwa mganga, na Jumapili asubuhi wakaonekana tena kanisani, rozari mkononi. Na tukichunguza vema, tutaona kwamba dhambi nyingi zitendwazo duniani hazitokani na moyo wenye kupenda ubaya. Zatokana na hofu. Mtu husema uongo kwa kuwa aogopa aibu. Hutoa ushahidi usio wa kweli kwa kuwa amwogopa mwenye nguvu. Hunyamaza jirani yake akionewa, kwa kuwa aogopa zamu yake isije ikafika. Kwa hiyo anayeuliza habari za ushujaa auliza habari za maisha yote ya Kikristu.

Hofu si dhambi

Wako watu wasemao kwamba mwenye imani ya kweli haogopi kitu, na ya kwamba anayeogopa hana imani. Maneno hayo yasikika kuwa matakatifu, lakini si kweli, nayo yamewaumiza wengi. Mgonjwa aogopaye upasuaji huambiwa kwamba hasali vya kutosha. Mjane alalaye macho wazi akifikiri karo za watoto huambiwa kwamba hamtegemei Mungu. Hivyo maskini hawa huongezewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: licha ya kuogopa, huona haya kwa kuwa wanaogopa.

Na tuiangalie Injili. Usiku ule katika bustani ya Getsemani, Bwana wetu Yesu Kristu aliingiwa na huzuni na fadhaa. Aliwaomba rafiki zake watatu wakeshe pamoja naye, kwa kuwa hakutaka kuwa peke yake. Alimwomba Baba amwondolee kikombe kile, tena si mara moja. Mtakatifu Luka atueleza kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Je, tuseme kwamba Mwana wa Mungu hakuwa na imani? Hasha! Aliogopa kweli, kwa kuwa alikuwa mtu kweli. Kisha akaondoka, akaenda kuwalaki waliokuja kumkamata. Hofu ilikuwapo, ila hofu haikuwa mtawala.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alilieleza jambo hili kwa akili yake pana. Alifundisha kwamba mtu asiyeogopa lolote hastahili kuitwa shujaa. Kutoogopa kabisa alikuweka miongoni mwa makosa yanayopingana na fadhila ya nguvu, kwa sababu mtu wa namna hiyo ama hapendi uhai aliopewa na Mungu, ama ana kiburi, ama ni mpumbavu. Tena alifundisha kwamba tendo kubwa la ushujaa si kushambulia, bali ni kustahimili: kusimama imara katika jema huku mabaya yakikujia. Kushambulia humsaidia mtu kwa hasira na kwa matumaini ya kushinda. Kustahimili hakuna msaada huo. Kwahitaji moyo ulioshikwa na kitu kikubwa kuliko hofu yenyewe.

Wasomaji wetu waliopata Kipaimara watakumbuka mapaji saba ya Roho Mtakatifu waliyofundishwa: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Mara nyingi tumeyataja kwa haraka, pasipo kuona ajabu iliyomo. Katika orodha hiyohiyo yamo mapaji mawili ambayo dunia yaona kwamba hayapatani: nguvu na uchaji. Moja la kutopepesuka, na moja la kucha. Mungu hakutupa nguvu ili tusiogope chochote. Alitupa nguvu pamoja na hofu moja takatifu, hofu ya mtoto ampendaye baba yake na kuogopa kutengana naye, ili hofu hiyo ikae juu ya hofu nyingine zote na kuziweka mahali pake. Huo ndio msingi wa yote tutakayosema: imani haimwondolei mtu hofu, bali humfundisha cha kuogopa kwanza.

Mwenye mhuri mkononi

Ili jambo hili lisibaki la vitabuni, na tumtazame kijana mmoja wa nyakati zetu, jirani yetu, ambaye nyumbani kwao husemwa Kiswahili hiki tunachokiandika. Huyu ni Mwenye heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981, katika nchi ya Kongo. Alisoma sheria katika mji wake huo. Alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na pamoja na wenzake aliwatunza na kuwafundisha watoto waliokuwa wakiishi barabarani, wale wapitwao na kila mtu. Mwaka 2007 alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa mpakani. Kazi yake ilikuwa kuamua kama chakula kilichoingizwa nchini chafaa kuliwa, au kimeharibika na hakina budi kuteketezwa.

Likaja shehena la chakula kilichoharibika. Wenye mali wakamtolea fedha alipitishe, akakataa. Wakaongeza fedha, akakataa. Vikaja vitisho. Alizungumza na sista mmoja aliyekuwa daktari, akitaka kujua chakula cha namna ile kingewadhuru watu kiasi gani. Naye alimweleza mawazo yake, ya kwamba fedha ile ingekwisha upesi, lakini wale watakaokila chakula kile, mwisho wao ungekuwaje? Mwanzoni mwa Julai 2007 alitekwa nyara, na baada ya siku chache mwili wake ukaonekana, umeteswa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye heri katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, mjini Roma, kwa kuwa mji wake wa Goma ulikuwa umetekwa vitani mwezi Januari wa mwaka uleule.

Baba Mtakatifu Fransisko, alipozungumza na vijana wa Kongo katika uwanja wa mashujaa mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, aliwakumbusha habari za kijana huyu, akasema kwamba angaliweza kufumba macho tu. Hakuna ambaye angalijua. Neno hilo lastahili kufikiriwa. Shujaa wa vitani huonwa na wenzake, na aibu ya kukimbia humsaidia kusimama. Lakini karani aliye peke yake na karatasi na mhuri, nani amwona? Hapana shahidi ila Mungu, na wale watoto wasiojulikana ambao kesho wangekula sumu.

Yuko mtu mwingine katika Injili aliyekuwa na mhuri mkononi. Ponsio Pilato alijua kwamba aliyeletwa mbele yake hana hatia. Alilitamka hilo kwa kinywa chake. Hakumchukia Yesu. Aliogopa tu: aliogopa makelele ya watu, aliogopa kushtakiwa kwa Kaisari, aliogopa kupoteza cheo. Hivyo akanawa mikono, akatia saini. Tukiwaweka Pilato na Bwana Chui pamoja, hatuwezi kusema kwamba mmoja aliogopa na mwingine hakuogopa. Wote wawili walikuwa watu wenye damu na nyama. Ila Pilato aliogopa kwanza kupoteza kiti chake, na Bwana Chui aliogopa kwanza kuwaua jamaa za Kristu. Kilichowatenganisha ni mpangilio wa hofu zao.

Ushujaa huanzia nyumbani

Huenda msomaji akasema: "Hao ni watu wa pekee. Mungu huwapa neema kubwa siku ile, nasi hatukuitwa huko." Ni kweli kwamba neema yatoka kwa Mungu. Lakini kwa kawaida neema hulima shamba kabla ya kuvuna. Mtakatifu Petro alitegemea joto la moyo wake. Aliapa kwamba atakufa pamoja na Bwana, na saa chache baadaye neno la mjakazi mmoja karibu na moto likatosha kumwangusha. Hakuwa mwongo alipoapa. Alikuwa bado hajakomazwa. Baada ya machozi na msamaha na kushuka kwa Roho Mtakatifu, mtu yuleyule alisimama mbele ya Baraza, wala hakurudi nyuma. Hii ni faraja kwa yeyote kati yetu aliyewahi kumkana Kristu kwa hofu: mwoga wa jana aweza kuwa shahidi wa kesho, mradi asikimbie msamaha.

Tazameni vijana wa Buta. Buta ni mahali pa seminari ndogo katika Jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi ile iliingia katika vita, na Wahutu na Watutsi wakauana mashule na mitaani. Walezi wa Buta hawakuwaambia wanafunzi wajifanye kwamba hakuna jambo. Waliwafundisha kukaa pamoja, kusali pamoja, na kuzungumza waziwazi juu ya yale yaliyowatenganisha wazazi wao. Kazi hiyo ilichukua miaka. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika bweni, wakaamuru: Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Wanafunzi walikataa kutengana. Arobaini kati yao wakauawa.

Tuitafakari amri ile. Kwa nusu yao, au zaidi au pungufu, ilikuwa mlango wa kutokea. Kilichotakiwa kilikuwa hatua chache tu, kusogea upande mmoja wa chumba. Hakuna aliyewaambia wamtukane Kristu, wala wakanyage msalaba. Waliambiwa tu wawaache wenzao. Nao waliona, pasipo muda wa kuuliza vitabu, kwamba kumwacha mwenzao ni kumwacha Kristu. Je, kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane huyajua hayo kwa ghafula, usingizini, milio ya bunduki ikimwamsha? Sivyo. Alikuwa ameyajua mezani, alipogawana chakula na yule wa kabila jingine. Alikuwa ameyajua uwanjani, kwenye misa na katika maneno magumu ya jioni. Siku ile haikumfanya shujaa. Ilimkuta akiwa amekwisha kujengwa.

Na zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, huko Uganda, mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wamisionari wa Afrika walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879, lakini mwishoni mwa 1882 waliondoka, wasirudi hata 1885. Kwa miaka ile yote Wakristu wachanga na wakatekumeni walibaki bila Padre. Walifundishana wenyewe, wakasali nyumbani, wakawatunza wagonjwa, wakawaita wengine. Wengi walidhani kwamba mbegu ile itanyauka. Kumbe iliota mizizi. Ilipofika tarehe 3 Juni 1886, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake waliweza kuuingia moto wa Namugongo, miongoni mwao mtoto Kizito. Wazazi wetu, yaangalieni hayo. Hatujui watoto wetu watakutana na nini. Lakini twajua ni wapi wanapojengwa.

Imani ya daftarini

Hapa yatupasa kusema ukweli, hata ukiuma. Kama ubatizo peke yake ungaliwafanya watu kuwa mashujaa, basi Rwanda ya mwaka 1994 isingaliona iliyoyaona. Wengi wa wenyeji wa nchi ile walikuwa wamebatizwa. Hata hivyo watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama vile Ntarama na Nyarubuye, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliowahi kupiga magoti pamoja na wale waliowaua. Tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko, alipompokea Rais wa Rwanda mjini Vatikano, aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake. Tena katika siku zilezile za 1994, Waislamu wengi wa nchi hiyo waliwaficha majirani zao waliowindwa, wakahatarisha maisha yao wenyewe. Mkristu asiwaonee wivu kwa jambo hilo. Na amshukuru Mungu, ambaye huwasha taa yake popote apendapo, kisha na ajiulize kwa nini taa iliyokuwa mkononi mwake ilizimika.

Ilizimika kwa sababu imani nyingine hukaa daftarini. Jina limeandikwa katika kitabu cha parokia, lakini moyoni hofu zimebaki katika mpangilio wake wa zamani: kwanza kabila, kwanza tumbo, kwanza cheo, na Mungu baadaye, nafasi ikipatikana. Siku ya taabu ilipofika, kila mtu alitii ile hofu iliyokuwa ya kwanza.

Lakini katika nchi hiyohiyo, mjini Gisenyi, mkabala na Goma, alikuwako mwanamke Mkatoliki aliyejiweka wakfu, jina lake Félicité Niyitegeka. Alikuwa Mhutu, na ndugu yake alikuwa afisa wa jeshi ambaye alitaka kumwokoa. Félicité alikuwa amewaficha Watutsi katika nyumba ya Kanisa aliyoiongoza, na wengine aliwasaidia kuvuka mpaka. Alimjibu ndugu yake kwamba hataondoka na kuwaacha wale waliokuwa pamoja naye. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994. Ubatizo wake ulikuwa mmoja na ule wa wauaji wake. Ila yeye aliutia katika damu na mifupa kwa maisha ya kila siku, nao waliuacha kwenye karatasi.

Busara na kujitupa motoni

Sasa na tumrudie yule mama wa mwanzo, kwa kuwa hoja yake haijajibiwa yote. Atatuuliza: "Je, Padre, Mungu ataka mwanangu ajitupe motoni?" Twajibu: la. Kanisa halifundishi watu wakitafute kifo wenyewe. Bwana wetu aliwaambia wafuasi wake kwamba wakiudhiwa katika mji mmoja, wakimbilie mwingine. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, alijificha wakati wa dhuluma ya Kaisari Desio mwaka 250, akaliongoza kundi lake kwa barua. Wengine walimnung'unikia, wakidhani kwamba ni woga. Lakini dhuluma ya pili ilipokuja, na wakati ulipotimia, hakukwepa tena. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mtu yuleyule alijua saa ya kujificha na saa ya kusimama. Ndiyo maana busara yahesabiwa ya kwanza katika fadhila nne za msingi, na nguvu yaifuata.

Basi mpaka uko wapi? Twaweza kuuonyesha hivi. Mkristu aweza kutoa mali yake ili aokoe uhai wake. Aweza kuiacha kazi yake, kuuhama mji wake, kunyamaza mbele ya mjinga, kuvuka mpaka usiku akiwa na watoto mgongoni. Katika hayo yote hana dhambi, na mara nyingi ndiyo wajibu wake. Lakini viko viwili asivyoweza kuvitoa kuwa bei ya usalama wake: Mungu wake, na mwenzake. Anapofika mahali ambapo njia ya kupona yapita juu ya mgongo wa mtu asiye na hatia, hapo ndipo busara yenyewe humwambia: simama. Kaifa alishauri kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya taifa. Na kila mwoga tangu siku ile ametumia hesabu hiyo, akihakikisha tu kwamba huyo mtu mmoja si yeye.

Kilio na kicheko

Yabaki methali. Kwa shujaa huenda kilio: hatukani neno hilo. Kilio kilikwenda Goma, kikaenda kwa wazazi wa vijana arobaini wa Buta. Kilifika hata chini ya Msalaba, ambako Mama Bikira Maria alisimama. Kanisa haliwakatazi waliofiwa kulia, wala halisemi kwamba taji ya mbinguni yafuta mara moja maumivu ya mama. Bwana wetu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la Lazaro, naye alijua kwamba baada ya dakika chache atamfufua.

Ila twaomba kuuliza juu ya nusu ile nyingine. Je, ni kweli kwamba kwa mwoga huenda kicheko? Kwa usiku mmoja, labda. Lakini fikirini nyumba ya mtu aliyepitisha mchele mbovu. Atakula nini mkewe atakapokwenda sokoni, naye ajua wengine wenye mhuri wafanya kama yeye? Fikirini nyumba ya mtu aliyesogea upande mmoja wa chumba, akamwacha rafiki yake. Atacheka na nani? Woga hauwalindi hata watoto wa mwoga, kwa maana hujenga nchi ambayo kila mtu aweza kuuzwa, na zamu yao itafika. Nyumba ya shujaa hulia, lakini hulia mlango ukiwa wazi, na majirani huingia.

Na hapo ndipo sisi sote tuna deni. Yatosha kusifu mashujaa waliokufa. Yatupasa kuuliza ni nani atakayewashika mkono walio hai. Mtumishi akikataa rushwa akafukuzwa kazi, je, Jumuiya yake itampelekea unga, au itamcheka kwamba amejifanya mtakatifu? Binti akikataa kumtii mwalimu anayetaka kumharibu, je, wazazi wa parokia watasimama naye, au watamnyamazisha? Familia ikikataa kwenda kwa mganga, na mtoto akaendelea kuugua, je, majirani watakuja kusali na kumpeleka mgonjwa hospitali, au watasema kwamba wamejitakia? Baba aweza kuwa shujaa kwa urahisi zaidi akijua kwamba watoto wake hawataachwa. Mara nyingi mtu mmoja huanguka kwa sababu mia walikuwa wamekwisha kumwacha kabla hajafika penye jaribu. Ushujaa wa mmoja ni kazi ya wengi.

Basi mama apaswa kumwambia nini mwanawe? Asimwambie kwamba haifai kuogopa; huo ni uongo, na mtoto ataujua. Asimwambie pia anyamaze daima ili arudi salama, kwa kuwa wako wanaorudi salama mwili, na nafsi wameiacha njiani. Na amwambie ukweli: "Utaogopa, mwanangu, nami nitaogopa kwa ajili yako. Lakini ukikutana na njia mbili, ogopa kwanza ile ya kumwacha Mungu na mwenzako." Kisha amfundishe kwa mambo madogo: akiri kosa lake ingawa fimbo iko karibu, arudishe senti iliyozidi dukani, amtetee mtoto achekwaye na wenzake, aende kuungama angali anaona haya. Sala ya jioni isikose nyumbani, hata ikiwa fupi. Ekaristi Takatifu na iwe chakula chake cha njiani, kwa maana hakuna aliyesimama kwa nguvu zake mwenyewe.

Huenda Mungu asimwite mtoto huyo kumwaga damu. Wengi hawaitwi. Lakini hakika ataitwa kuukataa uongo mmoja, mbele ya meza moja, siku moja ambayo hakuna atakayemwona. Siku hiyo moyo wake utadunda na mikono yake itatetemeka. Roho Mtakatifu aliyemwekea muhuri wake katika Kipaimara na amjalie wakati huo nguvu pamoja na uchaji, ili mkono utetemekao usitie sahihi.